Peni Hamsini

Kikombe hiki hakina mkono.
Nilikikuta katika duka la hisani, Sheffield, penye mteremko,
kimekaa baina ya viatu vya mpira na saa iliyokufa,
buluu tupu, buluu isiyojua kwamba imevunjika.
Peni hamsini.
Nikalipa kwa aibu kidogo,
kama mtu anayenunua pipi na kodi anadaiwa.

Shekue ana daftari la matumizi.
Mkate. Umeme. Nauli ya basi. Pesa za mama.
Usiku ule akaandika, kwa mwandiko wake wa ukarani:
kikombe kibovu, 50,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.
"Chai yenyewe itashikwaje humu?"
Si cha chai, nikasema.
"Cha nini basi?"
Jibu sikuwa nalo. Nikakiweka dirishani.

Kuta za humu zina rangi ya uji uliopoa,
na mwenye nyumba amekataza misumari.
Haya, msumari sijapiga.
Karatasi ya chokoleti, ile ya dhahabu,
nimeinyoosha kwa ukucha hadi mkunjo wa mwisho,
nikaiegemeza nyuma ya taa;
ukiwasha, pembe nzima inaiva.
Maganda ya chungwa juu ya hita,
karafuu tatu, si nne, karafuu hapa zina bei,
na chumba kinanukia Idi siku ya Jumanne.
Foronya ya Twalibu naipiga pasi. Ndiyo, foronya.
Atailalia, itakunjika, najua.
Lakini ile dakika moja anapoweka shavu,
ile dakika ni yake.

Kiangazi kile nilichuma ua la zambarau
linalomea katika ufa wa ukuta wa reli,
halikupandwa na mtu, halimwagiliwi na mtu.
Bi Doreen wa mlango wa pili akacheka hadi akakohoa:
hilo ni gugu, mwanangu, linabomoa nyumba za watu.
Kesho yake akanigongea.
Ameshika kitita kizima, amekifunga kwa uzi wa sufi.

Kisha Februari.
Zamu kumi za usiku mfululizo katika nyumba ya wazee,
kugeuza migongo, kubadilisha mashuka ya watu,
kurudi asubuhi na mikono inayonuka dawa.
Magugu yenyewe yalikuwa yamekufa.
Kikombe kikawa cha vibiriti na risiti.
Pasi ikalala kabatini. Maganda niliyatupa na taka
na sikukumbuka kwamba nimeyatupa.

Siku ya kumi nilipanda mteremko kwenye theluji iliyochafuka,
soksi imelowa, mguu mmoja tu, wa kushoto.
Nikafungua mlango.
Dirishani, ndani ya buluu,
kitita cha kotimiri kimesimama wima,
na mizizi yake, na mpira wake wa dukani,
kama mtoto aliyepelekwa kupigwa picha.

Shekue alikuwa kwenye sinki, amenipa mgongo.
"Isinyauke," akasema.
"Kotimiri ukiiacha tu, inanyauka."
Friji ilikuwa ikinguruma pembeni yake,
nzima, na nafasi tele.
Mezani mkate umekatwa pembetatu.
"Baba alipima kwa rula," Twalibu akanong'ona,
na mgongo ule ukajifanya haukusikia.

Sikuuliza kitu.
Nilivua soksi nikaitandaza juu ya hita,
nikachuma jani moja, nikalitafuna taratibu
huku nikitazama mwanga, mchache,
unavyopita katika kijani kile kwa shida
na kuangukia sahani.

Baadaye, alipokwenda kazini, nilichungulia daftari.
Kotimiri, 60.
Chini yake hakuna mstari.

Jioni tulipika nusu.
Nusu ikabaki dirishani hadi ikawa njano,
ikainama, ikaanza kunuka kidogo,
na kati yetu watatu
hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitupa.