Kwa Kisu Butu, Baada ya Michezo Mia Mbili na Kumi na Sita

Nekoye, uliniomba nikukague, nami nimekukagua.
Wiki tatu, kila usiku baada ya kufunga kinyozi,
simu imechomekwa ukutani, chai ikishika utando.
Usinishukuru. Soma kwanza.

Unafungua mchezo kama mtu anayevuka Barabara ya Jogoo
mahali pasipo na kivuko:
huangalii kushoto, huangalii kulia,
na unafika.
Kufikia hatua ya kumi ngome zao zinaomba radhi.
Yule kijana wa Lima aliyekuandikia "bahati" –
haikuwa bahati, niliihesabu.
Hatua ya ishirini na mbili ulimtoa malkia
kwa utulivu wa mtu anayemrudishia jirani sahani,
na sahani hairudi tupu:
ndani mlikuwa na farasi wawili
na mfalme wake hana pa kukanyaga.

Farasi wako, kwanza, sijui wanakula nini.
Wa wenzako wanachunga pembeni.
Wako wanaingia sebuleni kwa mtu,
wanaketi,
wanaagiza soda.

Na ule mkono unaochomelea nyaya nyembamba kuliko unywele
pale Luthuli mchana kutwa
hautetemeki saa ikibakisha sekunde nne.
Hilo sikukufundisha. Hilo ni lako.

Sasa mabaya.
Ukipewa nyeusi unacheza kama mpangaji mwenye deni la kodi:
unanyata, unazima taa, unajibana nyuma ya mlango.
Nani anakudai?
Miraba sitini na minne, nusu ni yako,
washa taa.

Sare unaiona kama tusi.
Na tarehe kumi na nne, ulipofungwa mmoja
saa tano na nusu usiku,
ukataka kulipiza, ukalipiza, ukalipiza,
hata saa nane ulikuwa umefungwa kumi na mmoja.
Ule haukuwa mchezo, dada yangu, ni kukuna kidonda.
Ukifungwa miwili zima data.
Oga. Lala. Bando halitaoza.

Halafu ule mwisho.
Malkia wameondoka, ubao umekuwa uwanja mtupu,
na wewe unaharakisha
kama mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni.
Mfalme akibaki peke yake si wa kufichwa tena,
ni kibarua. Mtoe afanye kazi.
Hatua moja. Halafu moja.

Mchezo wa mia moja arobaini na tatu nimeurudia mara nyingi.
Yeye ana kitunda cha ukingoni na askofu,
na askofu ni wa rangi isiyofaa:
ile kona hawezi kuigusa, hata apewe mwaka mzima.
Wewe ulikuwa na mfalme tu,
hatua mbili kutoka kwenye hiyo kona,
sekunde arobaini mkononi.
Ulitakiwa kwenda pale ukae.
Basi. Ukae tu.
Ukabonyeza kwamba umeshindwa.

Niliwaka. Nikatembea chumba kizima, hatua nne kwenda, nne kurudi.
Kisha nikakumbuka Kariobangi,
kile kipande cha katoni tulichokipiga mistari kwa makaa,
vifuniko vya soda vikiwa vitunda,
betri kuukuu ya redio ikiwa mfalme wako,
na taa ya mafuta ikifa kila mara
tukiwa tumebakiza vifuniko vitatu, vinne.
Mama akisema, laleni, kesho ipo.
Kesho tulipanga upya kuanzia mwanzo.

Hatukuwahi kumaliza, Nekoye. Hata mara moja.
Habari ya ile kona nimeijua juzi tu,
na imenichukua siku mbili kuielewa.

Njoo Jumapili.
Tutaweka wafalme wawili na kitunda kimoja,
hakuna kingine ubaoni.
Tokeni za stima nimenunua za kutosha.