Pacha Wadogo

Poka alitufundisha Mcha, mpishi wa zamu ya usiku,
nyuma ya chumba cha kufulia, hotelini Kiwengwa,
juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
Pesa haramu, akasema, na mshahara wenyewe bado.
Basi tukacheza kwa sabuni,
zile ndogo za vyumbani
ambazo mgeni hunawa mara moja akaenda zake.
Nzima yenye karatasi
ni sawa na vipande vitatu.

"Ukigaiwa pacha," alisema, "tazama umri wao.
Ree mbili ni wakwe: pandisha bei mlangoni.
Lakini mbili mbili, tatu tatu, nne nne,
hao ni watoto waliotumwa dukani.
Wape sabuni moja, waende.
Wakimkuta ndugu yao wa tatu mezani, shangwe.
Wasipomkuta, waite ndani, wakalale.
Utawatuma mara nane
ndipo mara moja warudi watatu."

Na usitishe watu, akaongeza.
Nani ataogopa sabuni?
Vuai hatupi karata hata mkono uwe uchafu mtupu:
"Nimelipa kiingilio, yakhe, niacheni nitazame."
Ussi hubaki kwa kuwa akitoka
inambidi arudi getini kwenye mbu.
Uongo wataka msikilizaji,
na hapa hapana anayesikiliza.

Nikawa fundi wa kutupa.
Nilitupa sita sita na uso mkavu,
nikatupa tano tano, usiku baada ya usiku,
mpaka kutupa kukanifuata nyumbani Upenja.
Nilitupa usaili wa pili wa kazi ya bandarini, Mkoani,
kwa kuwa nauli ilipanda.
Nikamtupa, Mungu anisamehe, Rukia wa Matemwe,
posa ilipojibiwa "subirini kidogo."
Nilihesabu. Kidogo cha watu wale
kilikuwa kingi kwangu.

Halafu usiku ule umeme umekatika.
Simu ya Ussi tumeiegemeza kwenye bilauri ya maji,
mwanga unatikisika juu ya ndoo.
Napewa tatu ya uru. Tatu ya shupaza.
Watu watano, sabuni tano, bei ya mtoto.
Mcha anafunua:
bibi wa kopa,
sita ya kopa,
na katikati yao, kama aliyechelewa harusini,
tatu ya pao.

Sikuhema.
Nilisukuma sabuni nne, wakalipa.
Ikaja nne ya uru, haina habari na mtu;
nikasukuma nane, wakatoka watatu,
Vuai akalipa huku anakuna goti.
Nikatia zote, za miezi miwili,
pamoja na ile ya duara ya chumba cha maharusi
ambayo nilikuwa siichezi.
Karata ya mwisho, tisa ya kopa.
Vuai akalaza nane na mbili:
"Ati, nyekundu hizi, zina maana yoyote?"
Mcha akamhesabia kwa kidole,
kopa moja, kopa mbili,
polepole, kama anayemfundisha mtoto alifu,
mpaka tano.

Thelathini na moja zilivuka ndoo.
"Umecheza sawa," Mcha aliniambia.
Hilo ndilo lililoniuma.
Ningekosea, ningekuwa na cha kurekebisha.

Alfajiri nilifika nyumbani
na vipande viwili vilivyosahaulika mfuko wa shati.
Mama hakuuliza vinatoka wapi, hajawahi kuuliza.
Alikikata kimoja kwa uzi, nusu kwa nusu,
akanusa vidole vyake.
"Inanukia nini hii?"
Nikamwambia sijui, Mama,
vitu vya Wazungu, vya mbali.
Akanusa tena, akacheka.
"Mchaichai," akasema.
"Tunao nyuma ya choo."