Ufunguo Usio na Meno

Mwaka wa sita huu unanipiga paja.
Nilikupokea kwa sahihi, ofisi ya chama,
ghorofa ya pili, hapa Moshi mjini,
na Ndeshukurwa wa kompyuta akanionya:
"Mama Aikande, mlango ndio huu.
Nywila wataiba wakiwa mbali.
Hiki, mpaka wakufuate mfukoni."

Nilikudharau.
Mweusi, mwembamba, huna betri, huna kioo,
huna hata meno ya kuitwa ufunguo.
Nikakutia pete moja na wakubwa zako:
wa geti, wa stoo ya kahawa,
na ule wa kufuli lililokufa zamani
ambao sijui kwa nini siutupi.

Wakakusugua hao.
Kiboriloni hadi ofisini, chwa, chwa,
kama watu wanaosengenyana kanisani.
Mwaka wa pili nembo yako ikafutika.
Tundu lako likaliwa upande mmoja,
limebaki ukuta mwembamba kama kucha.

Umefuliwa mara mbili.
Ya kwanza, ndani ya gauni la kitenge:
Aisi alikusugua kwa sabuni ya unga,
akakukamua, akakuanika.
Nilikuzika kwenye mchele usiku kucha
nikiwaza mishahara ya watu thelathini na mmoja.
Ya pili nilikupuliza tu, kama uji.

Masika yale kule Uru
nilivuka mfongo, viatu mkononi,
ukachomoka.
Nikapiga magoti kwenye tope jekundu, mimi mhasibu,
nikapapasa chini ya migomba
hadi nikaugusa ubaridi wako.
Jioni nikakuchomeka.
Ukawaka kijani, kimya, bila kinyongo.

Vilivyokufa ni vingine.
Kompyuta mbili. Simu. Goti langu la kushoto.
Ndeshukurwa kahamia Dodoma, hapokei simu.

Na gumba langu.
Nilipokwenda kusajili laini, mashine ilinikataa.
"Futa kidole, mama. Jaribu tena. Jaribu kingine."
Utoto wa kuchuma kahawa, utu uzima wa karatasi,
limelainika kama kipande cha mwisho cha sabuni.
Kijana akanitazama
kana kwamba nimeazima mkono wa mtu.

Wewe hujawahi kuuliza gumba ni la nani.
Ukishapewa namba ya siri
unataka kuguswa, basi.
Hilo linanifariji mchana,
na usiku ndilo linaloniamsha
nikupapase chini ya mto.

Pacha wako yuko Machame kwa dada yangu,
ndani ya kopo, kafungwa leso, anang'aa.
Jumamosi nilikwenda kumjaribu.
Anafanya kazi.
Ila aliingia kwa kukaza, kwa kusukumwa,
kama mgeni aliyegoma kuvua viatu.
Nikamrudisha kwenye leso yake.

Dada akaniuliza, huyo mkweche utamstaafisha lini?
Nikakutazama, huna nembo, tundu linakaribia kukatika.
Nikamwomba uzi wa kushonea magunia.