Rangi Saba za Yelkaya

Wameivuta hadi tope la Aliağa likaishika tumbo,
nami nimepewa omo, kuanzia penye nanga.
Moto wa tochi una adabu moja:
huanza na kilicho juu.

Rangi ya kwanza inavuka kama ganda la nyanya.
Ni ya mwaka wa mwisho, kazi ya kuruta mwenye haraka:
amepaka mpaka nzi aliyekufa ukutani.

Ya pili ni kijivu cha baba.
Alikuwa mpishi humu, Cevdet wa Maharagwe,
miaka kumi na mmoja, wala hakumwona adui
ila Bahari Nyeusi mwezi wa Februari
ikipindua masufuria, maharagwe yakitambaa sakafuni,
na luteni akiyaonja kwa kidole: "Chumvi, Cevdet.
Na bahari yote hii, chumvi umekosa?"

Ya tatu na ya nne zimeshikana, sizitenganishi.
Katikati yake lilibadilishwa jina.
Walizing'oa herufi za zamani, wakachomelea zetu,
kondoo akachinjwa gatini, damu ikapakwa ubavuni,
na Wamarekani wakashuka, kofia mkononi,
kwa ngazi ile ile aliyopandia baba.
Mmoja alilia. Baba aliapa
kilio kile ni cha mashine ya aiskrimu.

Ya tano ina kiraka cha mraba,
kama cha goti la suruali ya mtoto,
na nyuma yake masizi yaliyoshinda sabuni zote.
Kibati cha shaba kinataja siku, saa, ndege iliyojitupa,
majina tisa.
Hakisemi walikuwa mezani wakila nini.
Mimi mtoto wa mpishi, hilo ndilo ningeuliza.

Ya sita, buluu nzito ya kujificha,
ya meli inayojisemea usiku kucha:
mimi ni maji tu, nyambizi, pita,
mimi ni maji.

Ya saba si rangi hasa, ni dawa nyekundu ya kutu.
Nimekwenda omo, nimekwenda tezi,
na wiki ya sita narejea ngamani, magoti ndani ya mafuta,
pale ambapo hakuna amiri aliyewahi kukagua.
Kwenye mshono wa mabamba mawili, mtu ameandika
kwa chuma kilichoyeyuka, mwandiko wa asiye na haraka:
L. T. Machi 43.

Simjui. Mwanamume, mwanamke, sijui.
Juu Vedat anapiga kelele, lori linasubiri, kilo ni kilo.
Nikashusha kinyago, nikawasha.
Bamba la kushoto liliachia kwa dakika tatu.
La kulia, nne.
Mshono ukabaki unaning'inia peke yake, mwekundu, haukatiki,
mpaka gesi ikakohoa ikaisha.

Nikapanda ngazi kuomba mtungi mwingine.