Kopo la Isevya

Laki tatu, alisema muuza vyombo wa Dar,
na nauli ya mzigo juu yake.
Pedali mpya, taa ya bluu.
Akanipigia kwenye simu niisikie:
inakwaruza kwa adabu,
kama mtu anayekohoa msibani.

Sitaki adabu.
Nataka gitaa la baba mdogo Kasubi,
ukumbi wa reli, spika imechanika,
nyuki wamechokozwa ndani ya mzinga wa gome.

Fundi Mlekwa ana redio ya mbao
iliyokufa kabla sisi wawili hatujazaliwa.
Akang'oa humo transista mbili, vikofia vya bati,
akazilehemu ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Elfu arobaini.
Nikamshusha hadi thelathini na chupa ya asali.

"Mchana usiiamini," akasema.
"Joto likipanda inalegea."
Nikaijaribu saa saba, juu yetu bati linawaka:
ikabwabwaja, ikameza maneno,
mlevi anayedai chenji.
Nikacheka, nikalipa.

Betri akanipa bure, ya kwenye mita yake.
Imechoka.
"Hiyo hiyo. Mpya inapiga kelele tu."

Usiku Tabora ilipopoa
nikaugusa waya mnene, mara moja.
Wakatoka wote,
chumba kikajaa mbawa.

Mama Nyamizi akagonga ukuta:
"Hiyo redio yenu imeharibika!"

Imeharibika, mama.
Nimeilipia.