Kadi za Aikaeli

Ya kwanza ilitoka mfukoni mwa koti la mitumba,
Memorial, asubuhi ya kufungua belo:
mtu na gongo lake juu ya barafu,
visu miguuni, meno mawili hana.
Aikaeli akaigeuza. Picha hazimshughulishi.
Akasoma kwa kidole:
mechi mia sita na tatu, mfululizo.

Tangu hapo hataki wafungaji.
Wenye mabao huwagawia watoto wa Njoro.
Anaowaweka, kwenye kopo la Kimbo chini ya meza,
ni wale waliokuwepo tu.
Homa, wapo. Kidole kimevunjika, wapo.

"Huyu alikosa moja," aliniambia. "Mkewe alijifungua."
Kadi hiyo haimo koponi. Imo kwenye pochi,
mgongo kwa mgongo na picha ya Ndeshi.

Sikuuliza. Naikumbuka Jumanne ile ya masika:
belo la makoti limefika, mikono yake imejaa,
na simu ya KCMC inaita mpaka inachoka.

Jana mlima ulikuwa wazi,
barafu yake nyembamba kama ukucha uliokatwa.
Kaenda Kibosho, akasema muuza viatu,
kaondoka na jembe.
Mtoza ushuru akalowesha kalamu ulimini,
akatafuta jina, akaandika:
hayupo.