Chanzo cha Mto

Kila asubuhi, kwenye theluji ya Gyumri,
gari la kaka yangu huacha alama:
tone chini ya gia boksi,
mawili karibu na gurudumu la kushoto,
na jingine, dogo, lenye mkia,
kama koma iliyosahau sentensi yake.

Niva ya mwaka sabini na tisa, rangi ya haradali,
mlango mmoja kijani kwa sababu ya ajali
ambayo Vahagn hajawahi kunieleza vizuri.
Aliniachia funguo na deni la bima,
akapanda basi la Krasnodar
kwenda kujenga maghorofa ya watu.

"Gari lako linakojoa," asema jirani, Bibi Haykanush,
akimwaga majivu juu ya madoa.
Nacheka. Usiku nahesabu:
nusu lita kwa wiki. Haba na haba
humwaga kibaba.

Fundi Rubo, gereji ya stesheni,
aliinama mara moja, hata kofia hakuvua.
"Sili ya nyuma ya krenki. Gia boksi ishuke."
Akataja bei: mishahara yangu miwili, na chenji sina.
Vahagn kwenye simu, mashine ya zege ikisaga nyuma yake:
"Liuze, dada. Chuma kizee hakitibiki."

Mimi ni mwalimu wa jiografia.
Miaka ishirini na sita nawaambia watoto:
anayetafuta mto asiuulize mdomo,
mdomo una maneno ya kila kijito.
Apande.

Jumamosi nikapanda.
Mafuta ya taa, brashi ya viatu, shuka kuukuu.
Nikasugua masizi, tope la Ziwa Arpi,
unyoya wa ndege nisiyemjua,
mpaka injini ikaonyesha uso.
Nikaikausha, nikainyunyizia poda ya mtoto,
ikawa nyeupe kama nchi isiyochorwa bado.
Torgom, mjukuu wa jirani, akashika tochi,
kimya, makamasi yakimtoka.
Nikawasha.

Dakika kumi. Ishirini.
Kisha poda ikaloa:
si chini, si nyuma aliposema Rubo,
bali juu kabisa, ukingoni mwa kifuniko cha valvu.
Uzi mweusi ukazunguka boliti,
ukashuka ubavuni, feni ikiupuliza nyuma,
hadi ukafika kwenye gia boksi
na kujifanya mwenyeji wa pale.

Nikanunua gasketi mpya. Nikakaza boliti kwa zamu,
kutoka katikati kwenda pembeni, bila hasira,
maana hasira hupinda bati.
Siku tatu, kavu.
Ya nne, koma ikarudi.

Hapo nililia kidogo, na si kwa ajili ya gari.

Torgom ndiye aliyeuliza:
"Na hili bomba linakwenda wapi?"
Mpira mfupi, kutoka tumboni mwa injini
hadi kwenye kichujio cha hewa.
Bomba la kupumulia.
Nikalichomoa. Ndani, tope limeganda kama lami.
Injini ilikuwa haijapumua miaka,
na pumzi iliyokosa njia ilisukuma oili
popote palipolegea.
Gasketi haikuwa na kosa.
Ilikuwa tu mahali dhaifu pa kusemea.

Nilikaa juu ya ndoo, bomba mkononi,
nikamkumbuka Vahagn mezani, sikukuu ya mwisho,
akifokea chumvi, akifokea mkate,
akifokea mlango uliofungwa vibaya,
nasi tukiziba, tukiziba,
kila mahali alipovuja.

Jumatatu, kadibodi chini ya gari:
tone moja, kama mbegu ya ufuta.
Nikalizungushia penseli, nikaandika tarehe,
kijiji kwenye ramani,
nikakiacha.

Jioni nikampigia. Gari sikulitaja.
"Huko," nikauliza, "mnapumzika saa ngapi?"
Mashine ilisaga, ikasaga.
"Ngoja," akasema.
"Nitoke nje."